Ctrl Imehamia Wapi

...na tena imefanya vilevile, nimebonyeza Caps Lock, nimeachia, nimebonyeza T ili nipate T kubwa ya TANGAZO, na badala ya T mstari mzima umejisogeza kulia kama mtu anayempisha mwenzake kwenye benchi, herufi zilizofuata zikatoka ndogo, angazo, angazo ndiyo nini, nikafuta, nikajiambia labda sikubonyeza vizuri, nikaibonyeza Caps Lock mara mbili kwa hasira, kisha T, A, N, na hapo maneno yote yakageuka rangi na ukurasa mpya ukafunguka mbele yangu, mweupe, hauna hata nukta, na huyu kaka Msukuma, Ngusa, aliyesimama nyuma yangu na fimbo yake kwapani, akavuta pumzi akasema dada, ng'ombe zimepotea tena? na mimi sikucheka, ingawa ilichekesha, zamani ningecheka mpaka Bi Mwanamkasi aulize kulikoni, nikasema subiri kaka, wapo, wamejificha nyuma ya ukurasa huu, nikashika mausi, mausi angalau haidai mkono wa pili, nikamrudishia tangazo lake, majike mekundu na fahali mwenye pembe iliyopinda, mara ya mwisho walionekana wakielekea mtoni, atakayewaona apige simu namba hii, kila kitu kipo, kasoro kichwa cha habari, na kichwa cha habari ndicho anachokitaka Ngusa, amesema mara ngapi, kiwe kikubwa, mtu akipita na pikipiki akione. Siku ya kwanza kurudi kazini, Levina, na neno la kwanza limekushinda. Bi Mwanamkasi, mwenye stesheneri hii, yuko kule kwenye fotokopi, anapanga karatasi ambazo zimeshapangwa, anajifanya hanioni, angenifokea ningejisikia vizuri, zamani nikikosea alikuwa anasema wee mtoto wa Kipogoro wewe, macho yako umeyaacha Mahenge? na sasa ananyamaza, ananihurumia, huruma yake inapita kwenye shingo yangu kama upepo wa feni, na kidole changu cha mkono wa kushoto kinawasha, kidole cha shahada, pembeni mwa ukucha, kinawasha kweli kweli na hakipo, nimeshusha kigutu chini ya meza nikisugue kwenye goti na goti halikipati, litakipataje.

Baba yuko nje. Amekaa kwenye benchi la wateja na kikombe cha chai ambacho Bi Mwanamkasi amempelekea, hajaondoka tangu aliponishusha, amenileta kwa baiskeli polepole kama aliyebeba trei ya mayai, na mimi nyuma kwenye keria nimeshika springi ya kiti chake, sikumshika kiunoni, kiunoni ndipo nilipokuwa namshika tangu niko chekechea, lakini leo nimeshika springi, imenibana kidole na sikusema, na yeye hakugeuka. Anangoja nini pale. Mpunga wa msimu huu unamsubiri shambani Chita, umeanza kuinama, ndege wanaula, mama amemwambia jana mbele yangu, Fridolin, shamba halijilindi lenyewe, akajibu kesho nampeleka mtoto kazini kwanza. Mtoto. Sijamwamkia. Tangu wodini sijampa baba yangu shikamoo, mimi niliyefundishwa kumwamkia hata mlevi aliyelala mtaroni, na kila asubuhi anatoka chumbani, anasimama kidogo mlangoni pa jiko, anaacha nafasi, nafasi ya neno moja tu, halafu anaijaza mwenyewe kwa kukohoa, anasema umeamkaje, nami nasema nimeamka. Mama analia kwa hilo kuliko alivyoulilia mkono. Anasema mwanangu, baba ni baba, na mimi namjibu kimoyomoyo kwamba na mkono ni mkono.

Zima uwashe, amesema Bi Mwanamkasi bila kugeuka, hizi mashine ni kama watoto, zikishika ukaidi zilaze kidogo. Haya, zima uwashe, nimehifadhi ng'ombe wa Ngusa kwanza, nimezima, kioo kimekuwa cheusi na nimejiona ndani yake, bega moja limeshuka, sikujua kama bega limeshuka. Ni hizi Ctrl na Shift na Alt, ndizo zilizoniua. Herufi hazina shida, herufi unaipiga kwa kidole kimoja inakaa, lakini hizi hazikai peke yake, Ctrl ukiibonyeza peke yake haisemi kitu, lazima uishikilie kwa mkono mmoja na mwenzake umbonyeze kwa mkono wa pili, Ctrl na P ndiyo karatasi itoke, Ctrl na S ndiyo isipotee, waliozitengeneza hawakuwahi kumfikiria mtu wa mkono mmoja, au walimfikiria, maana nilipokuwa wodini nikisoma kwenye simu ya mama niliona kuna mahali pa kuiambia kompyuta ivumilie, ubonyeze Ctrl, uachie, ubonyeze P kwa nafasi yako, yenyewe ichukulie kuwa vimebonyezwa pamoja, na ukibonyeza mara mbili inabaki imeshikwa mpaka uifungue, na leo asubuhi kabla ya mteja yeyote nimeiweka hiyo, mwenyewe, kwa mkono mmoja, nikajiona mjanja. Kumbe. Kwa hiyo kuna kitu kinashikwa hapa ambacho sikukishika mimi. Kompyuta inaamini kuna kidole mahali ambapo hakuna kidole. Karibu kwenye chama, nimeiambia.

Inawaka taratibu, kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, na nikiangalia kitu kinachozunguka ninarudi Chita, sitaki, ninarudi, jua lilikuwa zuri tu, nimekata mganda nikauweka chini, nikakumbuka kitambaa changu, nikaingiza mkono chini ya mganda, na kifutu alikuwa pale, hakukimbia, kifutu hana haraka, alinigonga hapa, kati ya gumba na shahada, nikaita baba, sikuita mama, niliita baba, na baba alikuja akikanyaga mpunga wake mwenyewe, akaufungua ule mpira wa baiskeli aliofungia magunia kwenye keria, magunia yakaanguka yakapasuka, hakuyatazama, akanifunga juu ya kiwiko, akazungusha, akazungusha, mwisho wa mpira akauvuta kwa meno, nikasema baba unaniumiza, akasema vumilia mwanangu, ikiuma ndiyo imeshika. Nani bonde hili hajui hivyo, nyoka akiuma unafunga, unakaza, sumu isipande moyoni, hilo tumelijua kabla ya kujua kuhesabu. Tukapanda pikipiki mshikaki, dereva, mimi katikati, baba nyuma, na barabara ile na makorongo yake, vidole vyangu vikawa vya zambarau, kisha vikawa vya rangi ambayo haina jina, nikasema baba legeza kidogo, nakuomba legeza, na yeye aliogopa fundo lisije likaachia kwenye mashimo, akalishika kwa ngumi yake, njia nzima, Chita mpaka Ifakara, amelishika fundo kwa ngumi. Daktari alikuwa dada mdogo tu, alipouona ule mpira aliuliza nani amefunga hivi, akaukata kwa mkasi, na siku ya pili alisema kwa upole sana, anaangalia karatasi zake, sumu ya huyu nyoka inakula nyama, kuifungia sehemu moja ni kuiongezea chakula, msingefunga, au mngefunga bila kukaza, labda. Labda. Nimehamia kwenye hiyo labda, nakaa humo, nalala humo, na baba alikuwa amesimama miguuni pa kitanda ameshika kofia yake, aliisikia labda kama nilivyoisikia mimi, nikageukia ukutani. Sasa kwenye baiskeli yake hakuna mpira tena, anafunga mizigo kwa kamba ya katani inayomkata viganja.

Imewaka. Caps Lock, T, na mstari umesogea kulia, vilevile, haikusaidia kuilaza, ni ukaidi wa kuzaliwa. Ngusa amechoka kusimama, ameegemea kaunta, macho yake yameshuka kwenye kigutu changu nilichokisahau juu ya meza, ameyatoa, ameyarudisha, akasema pole dada, mashine ya kukoboa? nikasema nyoka. Akatikisa kichwa, akasema kwa sauti ya mtu anayejua nyoka, mlichelewa kufunga? Na mlango uko wazi, na benchi liko pale pale nje ya mlango, na nikasikia kikombe kikiwekwa chini. Ningeweza kusema chochote. Nikasema hapana, tuliwahi. Ndiyo tuliwahi, kaka, tuliwahi sana, hakuna waliowahi kama sisi, na Ngusa akasema basi ni Mungu tu, na nje kikombe hakikunyanyuliwa, nikashika mausi haraka nisije nikageuka nikauona mgongo wa baba kupitia mlangoni, na niliuona, shati lake la Jumapili, amevaa shati la Jumapili kunileta kazini, limelowa jasho katikati.

Ngoja, fikiri, wewe ndiye uliyekuwa unawafikiria wenzako wote hapa Kibaoni kompyuta zikiwashinda. Caps Lock na T, mstari unasogea. Caps Lock na A, maneno yote yanachaguliwa. Caps Lock na N, ukurasa mpya. Hizi si tabia za Caps Lock, hizi ni tabia za Ctrl, Ctrl na A, Ctrl na N, nazijua kama sala ya jioni. Basi Ctrl yenyewe je, ya kulia iling'oka zamani, hii ya kushoto chini kabisa nimeibonyeza, na taa ya Caps Lock imewaka, taa ndogo ya kijani, nikabonyeza T na T imetoka kubwa, nzuri, imenyooka. Zimebadilishana nyumba. Haijaharibika, kuna mtu amezihamisha, Ctrl amepelekwa kwa Caps Lock na Caps Lock kwa Ctrl, na hilo halitokei lenyewe, vumbi la pumba halifanyi hivyo, wala chai iliyomwagika. Nimefungua ile programu ndogo ya kuhamisha vitufe ambayo Twalib, kijana wa Bi Mwanamkasi, huitumia, na ipo pale, mistari miwili, hii iwe ile, ile iwe hii, mshale kwa mshale. Nani ana kichaa cha kuhamisha vitufe kwenye stesheneri inayofanya kazi, nikapandisha sauti, Bi Mwanamkasi, nani amegusa kompyuta yangu, na nikashangaa kwamba nimesema yangu.

Ameacha karatasi zake. Amekuja, amenisimamia, mkono wake umenukia udi kama kawaida, akasema Twalib, si unamjua mwanangu, halafu akapunguza sauti, kwani hakukwambia? Nani, nikasema. Akanionesha mlango kwa kidevu. Baba yako, alikuja ulipokuwa bado wodini, alifika asubuhi sijafungua hata dirisha, akakaa hapo hapo ulipokaa, mkono wa kushoto kauchomeka ndani ya shati, akamwambia Twalib nioneshe mwanangu anafanya nini hapa kutwa nzima. Twalib akamwonesha, mzee, hiki unashika, hiki unabonyeza, karatasi inatoka. Akajaribu kwa ule mmoja, kimoja kiko huku, kingine kule, hafiki, akasema basi kisogezeni hiki. Twalib akamwambia mzee hakisogei, akasema wewe si fundi? Hapa tulicheka, Levina, nisikufiche, mzee mzima kachomeka mkono shatini kama kuku aliyevunjika bawa, tulicheka kisha tukaacha wenyewe. Twalib akamsogezea kwa ndani, mara kiende hapa, mara kiende pale, mzee anajaribu, anasema hapana bado, mpaka akasema hapo, hapo panafaa, akabonyeza, karatasi ikatoka. Nyeupe, haina kitu. Akaikunja vizuri akaondoka nayo. Siku zile nilidhani umeshaambiwa, na Bi Mwanamkasi akamgeukia Ngusa akamwambia kijana, kaa, simama simama hiyo haileti ng'ombe, na Ngusa akaenda kukaa nje, nikamsikia akimwamkia baba, shikamoo mzee, na sauti ya baba, marahaba, zikipatikana hizo ng'ombe zako zisipitie kwenye mpunga wangu, na wakacheka kidogo wote wawili, wakulima na wafugaji, cheko la watu wanaojuana kwa shida, na hilo shikamoo limetoka kwa mgeni rahisi tu, kama kupenga kamasi.

Kwa nini Caps Lock. Nimeweka mkono wangu kwenye kibodi, huu uliobaki, gumba juu ya Caps Lock, nikanyoosha kidole cha mwisho kwenda P, kwa sababu P ndiyo ya kutoa karatasi, P ndiyo Twalib aliyomwonesha, nikanyoosha mpaka mfupa ukasema, na kidole kimefika O. Hakifiki P. Nikajaribu tena nikiwa nimelaza kiganja, O. Imebaki nafasi ya kitufe kimoja. Na mkono wa baba ningeuona hata nikiwa nimefumba macho, ule mkono unaoweza kuzunguka shingo ya debe, gumba huku, kidole cha mwisho kule, unafika P na kupitiliza, akasema hapo panafaa. Amepima kwa mkono wake. Yeye kila kitu hupima kwa mkono wake, gauni langu la komunyo ya kwanza alilipima kwa shibiri mgongoni nikiwa nimelala ili asinizindue, akaenda kwa fundi na shibiri zake kichwani, gauni likaja linafagia sakafu ya kanisa, mama akamtania mwaka mzima, Fridolin umemshonea padri, na baba akasema atakua, atalifikia tu. Sikulifikia. Hakupima vibaya kwa kutojali, alipima kwa kitu alichonacho, hana kingine. Na ule mpira, ee Mungu wangu, ule mpira pia, kwenye mkono wake ule usingekuwa umekaza, mkono wake ni mti, unavuta mpira kwa meno na mti haujui, alinifunga kama anayejifunga mwenyewe, ikiuma ndiyo imeshika, kwake yeye ni kweli, kwake yeye maumivu ni kitu unachokitegemea. Nilikuwa nasema aliniua mkono. Nimelisema hilo kila usiku kwa miezi yote hii, nimelisema likawa na umbo, na sasa nalisema halitoki sawasawa. Hasira ipo, sitajidanganya, ipo na mkono haurudi, kidole hiki kisichokuwepo kitaniwasha mpaka niingie kaburini, lakini nikiitafuta hasira mahali nilipoiacha nakuta mzee amekaa mbele ya mashine asiyoijua, wanamcheka, na amechomeka mkono shatini kutafuta ningeishije.

Na haina hata maana, hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kazi yake yote ile haina maana, kwa sababu nimeshaiweka ile ya kusubiri, sihitaji kufika P, nabonyeza kimoja, naachia, nabonyeza kingine, Ctrl ingeweza kukaa hata uani. Amehangaika bure, baba yangu. Mistari miwili iko kwenye kioo na mbele yake kuna alama ya kufuta, nimepeleka mshale pale, mbofyo mmoja tu na Caps Lock inarudi kuwa Caps Lock, kichwa cha habari kinatoka bila taabu, tangazo la Ngusa linachapwa, wateja wengine watakaokuja hawatashangaa. Bi Mwanamkasi anasema rudisha kama ilivyokuwa mwanangu, hatasikia vibaya, hata hatajua. Hatajua. Mshale uko pale pale, na kidole kiko juu ya mausi, na nje Ngusa anauliza kwa sauti, dada, tayari? na nasikia benchi likilia kwa mtu anayetaka kuinuka kisha akakaa tena, na kukohoa kule, kukohoa kwake kwa mlangoni, na lile neno la shikamoo nimelikalisha muda mrefu mno sijui kama litatoka likiwa zima, asubuhi akisimama jikoni akaniachia ile nafasi yake, sijui, nitajaribu, labda. Bado kidogo kaka, nimesema, na nimeutoa mshale pale, nimeifunga programu, nimeacha mistari yake miwili ilivyo, na nimeweka gumba alipoweka gumba lake na kunyoosha kidole tena, O, siku ikiisha atanipakia kwenye keria na njiani anaweza kuniuliza bila kugeuka kama kile kitufe kinafikika, au asiulize, yeye si mtu wa kuuliza, lakini akiuliza nitamwambia kinafikika.